Buti Zangu Hazikufika Namanga

Jumatatu, 6 Agosti 2001. Kitengela.
Tumeondoka! Mimi na Ngigi, kwa miguu mpaka Namanga, mpakani na Tanzania. Yote ni kazi ya Nduta. Mwaka mzima nakunywa chai kwa hoteli yake nikimwomba anikubali. Juzi akaniambia mbele ya wateja kwamba mimi Muteti sijawahi kumaliza kitu. Useremala niliacha, nyumba yangu Machakos haina paa, na kiwanda cha saruji kilinifuta kabla sijazoea. Akasema nifike Namanga kwa miguu, nikirudi tutaongea mambo ya kwenda kwa wazazi. Halafu akanipa Ngigi, ndugu yake mdogo, awe shahidi. Shahidi! Kwani mimi ni mwizi wa kuku?

Sibebi chakula. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nitalala kila boma siku moja tu, jembe litanipata wapi? Ngigi amebeba pakiti za sukari, eti huwezi kuingia kwa watu mikono mitupu. Nitamcheka mpaka Kisaju.

Jumanne, 7 Agosti. Kisaju.
Tumelala kwa shangazi yangu Mbeke, na methali haijui. Alfajiri amenigongea dirisha, jembe mkononi. Nikamkumbusha mimi ni mgeni. Akasema mtoto wa ndugu yake si mgeni, ni mtu wa nyumbani, na mtaro wa tangi hauwezi kujichimba. Ngigi alitoa sukari jana, kwa hivyo Ngigi ni mgeni. Amekaa kivulini akila mayai. Akaniuliza kama niko sawa. Ningemtupia jembe.

Alhamisi, 9 Agosti. Kajiado.
Mkono una malengelenge, mguu pia. Jana tumefika kwa Mama Waruguru, rafiki ya mama yao Ngigi na Nduta. Safari hii nilijipanga. Mlangoni nikamnyang'anya Ngigi sukari, nikaitoa mimi. Mama akafurahi sana! Akasema mwenye sukari ndiye atatuombea chakula. Mimi! Sijaomba kwa sauti tangu ubatizo. Nikaombea mvua, serikali, ng'ombe, wagonjwa, nikakosa mahali pa kutokea. Nilipofika kwa amina, ugali ulikuwa umepoa na Ngigi alikuwa analia kwa kicheko.

Jumamosi, 11 Agosti. Bisil.
Tumepokewa na Lesiamon, mzee wa kuuza ng'ombe. Mbuzi amechinjwa! Hapa watu hula kwa rika: wazee hapa na nyama nono, vijana kule. Ngigi akasema ukweli, yeye ni kijana tu, akapelekwa kule. Mimi niko na miaka thelathini na nne, lakini saruji imenizeesha, wacha basi inifaidi mara moja. Nikamwambia Lesiamon sisi ni rika moja. Akaniangalia sana. Akacheka, akanipisha nikae karibu na mbavu. Watu wa hapa ni wepesi kudanganywa.

Jumapili, 12 Agosti. Bisil.
Mungu wangu. Asubuhi Lesiamon akasema watu wa rika moja hawanyimani kitu. Akaniomba buti zangu. Buti za kiwandani, za chuma mbele! Akaziomba kama mtu anaomba chumvi. Nyama yake iko tumboni mwangu, ningesema nini? Nikavua. Zimemtosha kabisa.

Ngigi akanieleza nje kwamba rika ni kupeana. Hata mimi ningeomba, hata mbuzi mzima, na hangekataa. Sasa ndio ananiambia! Akanisihi nirudi niombe viatu vya mzee, zile akala za tairi, tumalizie safari. Mimi nivae matairi? Nikakataa. Ngigi akaenda kupiga simu, akarudi, akaendelea peke yake. Nilimwambia akamwambie dada yake tumefika wote. Hakujibu. Kimya ni kukubali. Nimepanda lori la mbuzi kurudi Kisaju, nijifiche kwa shangazi mpaka siku zitoshe.

Jumatano, 15 Agosti. Kisaju.
Mtaro umeisha. Sasa ni shimo la choo.

Ijumaa, 17 Agosti. Kitengela.
Nimeingia hotelini na malapa ya shangazi. Nikamwambia Nduta yote: mpaka, forodha, Kilimanjaro, theluji imeteremka mpaka barabarani, nikaishika. Akaniacha nimalize. Alikuwa anapangusa meza moja tu, ile ile.

Halafu akasema Ngigi alipiga simu Jumapili kutoka Bisil. Alimwambia Muteti ametembea mpaka huko na malengelenge, kisha akavua viatu vyake akampa mwenyeji, na safari yake ikaishia hapo. Nduta alilia. Jumatatu alimwambia mama yake ajiandae kwa wageni. Akasema Bisil ilikuwa imetosha. Mtu wa Bisil angemkubali. Huyu wa Namanga hamjui.

Akachukua chai yangu, nusu bado iko.

Imeniuma. Imeniuma sana, na hapa naweza kusema kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumamosi, 18 Agosti. Kitengela.
Nimefikiria vizuri. Kosa ni la Ngigi. Kidogo ni la theluji, kuifikisha barabarani nilizidisha. Jumatatu naenda Loitoktok kwa miguu, Nduta ajue mimi ni mtu wa kumaliza. Dereva wa lori la nyanya amekubali kunibeba kwenda na kurudi, na atanishusha nyuma ya soko ili niingie hotelini nikichechemea. Theluji nitaiacha juu ya mlima.