Suruali Yangu na Nyani wa Miteja

Jumatatu, 13 Aprili

Nyani tena! Wameingia shambani mchana kweupe, wamemaliza upande wote wa bondeni. Na hawali kwa adabu. Hindi linang'atwa mara moja, linatupwa, linachumwa jingine. Kidawa, mke wangu, alikuwa palepale analinda. Anasema alipiga debe, akapiga kelele, akarusha mabonge ya udongo. Yule dume mkubwa mwenye sikio lililochanika, ninayemwita Mheshimiwa, alimtazama tu, akajikuna, akaendelea kula. Kila mtu huku anajua, nyani hawaogopi wanawake.

Kidawa akasema basi nikalinde mimi. Nikamweleza kuhusu mgongo wangu. Ukishinda juu ya dungu lile la miti la kulindia, mgongo unakuwa si wako tena. Akauliza mbona barazani kwa Shamte, kwenye bao, hauumi. Ana maneno huyu!

Tatizo ni Jumamosi. Mama yake, Bi Batuli, anakuja kutoka Njinjo. Mwaka jana tulivuna mabua. Alisema wazi, mahindi yakiliwa tena anamchukua binti yake akapumzike kwao. Nayajua mapumziko ya namna hiyo. Mtu harudi.

Jumanne, 14 Aprili

Nimepata! Nyani si wanaogopa wanaume? Basi wapewe mwanaume. Nimempa Kidawa suruali yangu ya kaki, shati langu la mistari na kofia yangu. Alinuna, lakini akavaa. Walipomwona tu wakatimka hadi porini! Mimi nilikuwa kwa Shamte, nimekula kete za watu mpaka wakakasirika.

Jioni nikamsimulia Tawakali, jirani yangu wa shamba. Huyu hushinda dunguni kwake na fulana yake ya njano utadhani ameajiriwa. Akasema kazi ya kulinda haina ujanja, ni kukaa na kulinda. Wivu huo.

Jumatano, 15 Aprili

Kidawa ameharibu kila kitu. Ati jua lilikuwa kali, akajitanda kanga juu ya kofia, akaanza kuimba huku anapalilia. Mheshimiwa akasogea. Akasikiliza. Kisha akaketi karibu naye, akamenya hindi bila wasiwasi, na ukoo mzima ukafuata.

Amerudi nyumbani na kunitupia suruali usoni. Anasema havai tena, na kwamba anaanza kufua nguo zake za kwenda Njinjo. Utani huo. Nadhani ni utani.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimekwenda mwenyewe. Suruali ileile, shati lilelile, kofia ileile. Nikajitokeza kifua mbele. Mheshimiwa akanitazama, akaendelea kula. Nikanguruma! Akanigeuzia makalio.

Ya Rabi! Wanadhani mimi ndiye Kidawa! Mwanaume mzima, mwenye ndevu! Tawakali alicheka hadi akashikilia nguzo ya dungu asianguke. Akaniuliza mume wangu hajambo.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimewaza, nikaona. Nyani wanamtambua mtu kwa nguo. Na nani wanamwogopa kuliko wote huku? Tawakali. Alipokwenda kuswali Ijumaa aliacha fulana yake ya njano imeanikwa dunguni. Mimi nilisali nyumbani, kwa ajili ya mgongo. Nikaiazima fulana. Mwenyewe hayupo, ningemwomba nani?

Nikasimama katikati ya mahindi yangu. Ajabu! Walikimbia wote! Nikacheza ngoma peke yangu. Halafu nikaona walikokimbilia. Wamemwona Tawakali yuko kwangu, basi wakajua kwake hakuna mtu. Waliingia shambani kwake kama wamealikwa! Nikataka kwenda kuwafukuza, lakini nikitoka kwangu si watarudi? Nikabaki.

Tawakali akarudi na kanzu yake. Akatazama mahindi yake. Akatazama fulana yake, na mimi nimo ndani. Nilikimbia mpaka nyumbani. Mgongo haukuuma hata kidogo.

Jumamosi, 18 Aprili

Bi Batuli amefika. Nikampa shikamoo, marahaba ikatoka nyembamba kama uzi. Hata sijamaliza kumkaribisha, Tawakali huyo mlangoni! Akaeleza yote mbele ya mkwe wangu, hadi habari ya makalio. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho. Akaomba aonyeshwe shamba. Nyani walikuwepo, watakosaje? Akavua ndala, akamwendea Mheshimiwa moja kwa moja, mikono mitupu, anamtukana kwa Kimatumbi bila kupumua. Wala hakusimama. Mheshimiwa akaangusha hindi, akakimbia hadi ng'ambo ya korongo. Kwa mwanamke! Mwenye kanga ya zambarau!

Kisha akanigeukia mimi. Kuanzia Jumatatu nikalinde mwenyewe, shamba langu na la Tawakali, kutwa, mpaka mavuno. Yeye atabaki aone. Mahindi yakivunwa, ataondoka peke yake. Yakiliwa, ataondoka na Kidawa.

Kidawa alikuwa anatazama chini. Nampenda yule mwanamke, hata anaponitupia suruali. Nyumba hii bila yeye nitakaa na nani? Nikaapa mbele yao kwamba dunguni sitoki. Wallahi, kiapo kilitoka moyoni.

Jumapili, 19 Aprili

Nimewaza tangu asubuhi. Kwa nini Mheshimiwa alimkimbia mama mkwe? Si mwanaume. Si mrefu. Hakushika hata jiwe.

Ni ile kanga ya zambarau! Hakuna kingine!

Imefuliwa, imeanikwa uani. Najua kugusa nguo ya mkwe ni aibu kubwa, lakini hapa ninaokoa ndoa. Kesho nitauvalisha mti kanga hiyo, niusimamishe dunguni. Nyani watamwona mama mkwe kutwa nzima. Watakoma! Mimi nitakuwa kwa Shamte, mgongo umepumzika, na Kidawa haendi popote. Nashangaa kijiji kizima hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Kofia yangu sitauvalisha ule mti. Ile nyani wameshaizoea.