Mkanda Nilioupaka Mafuta ya Nazi

Jamani wenzangu, leo uso wangu sina pa kuuweka. Nawaandikia jioni hii hii, kabla hamjasikia kwa watu, maana kufika Ijumaa Tiwi nzima itakuwa imeshajua na kila mtu atakuwa ametia chumvi yake. Bora mnisikie mie mwenyewe.

Mnaijua ile nafasi ya mkaguzi msaidizi wa shule. Uhuru tumeshaupata, Mzungu anaondoka, na ofisi ya Kwale inamtaka mwalimu wa huku huku, awe anazunguka kwa pikipiki kutoka Tiwi mpaka Msambweni. Sharti lao moja tu: mtu awe anajua kuitunza pikipiki mwenyewe, kwa sababu huko njiani hakuna fundi. Basi mie nikaandika kwenye barua ya maombi, kwa mwandiko wangu ule mnaoujua, kwamba nina ujuzi wa kutosha wa "kurekebisha na kutunza mkanda wa pikipiki." (Pikipiki nilikuwa nayo wiki tatu. Tena ni kile kidude chenye pedali, kinachoendeshwa kwa mkanda wa mpira. Ukikiona kwa mbali utadhani baiskeli iliyoshiba.)

Niliitaka kazi hiyo, sitawaficha. Miaka sita nafundisha darasa la kwanza! Hata usingizini naimba a-e-i-o-u.

Leo ndiyo siku niliyoitwa kwenye usaili, basi asubuhi nikakitoa uani nikirekebishe mkanda. Kazi yenyewe si ngumu. Unalegeza nati mbili, unaisukuma injini mbele kidogo, unaubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukibonyea kidogo tu, basi, unakaza nati. Wallahi nilifanya sawasawa! Nikawasha. Mkanda ukapiga kelele kwiii, kwiii, kuku wote wakatimka.

Mama yangu alikuwa barazani anakuna nazi. Akainua kichwa.

"Mwanangu, kitu chalia hivyo na mafuta yamo ndani?"

Nikaona kweli. Kwetu bawaba ikilia, mafuta ya nazi. Cherehani ikikaza, mafuta ya nazi. Nywele, magoti ya bibi, ngozi ya ngoma, yote hayo dawa yake moja. Ningejuaje mimi kwamba duniani kiko kitu kisichotaka mafuta ya nazi? (Kijitabu cha pikipiki kimeeleza. Kijitabu kiko chini ya mguu wa meza, meza isiyumbe.) Nikaupaka mkanda ndani na nje mpaka ukang'aa. Nikawasha tena. Kimya! Nilijiona fundi.

Nikavaa suruali nyeupe, shati jeupe na tai. Mama akanisomea dua, kisha akaenda kuwaambia majirani.

Mpaka Kombani nilifika salama. Injini ilikuwa inanguruma sana na mie nakwenda polepole, lakini sikujiuliza. Nikaushika mlima wa Kwale.

Jamani! Injini inalia, gurudumu limesimama! Nikaongeza moto. Ikalia zaidi, mkanda ukateleza kwenye puli, kile kigurudumu kinachouzungusha, na mie nikaanza kurudi nyuma. Mkaguzi mtarajiwa, na tai yangu shingoni, narudi Kombani kinyumenyume! Nikakanyaga pedali kama mwendawazimu. Jasho likanitiririka.

Nikiwa katika hali hiyo akanipita mama mmoja mtu mzima, kikapu kichwani, anatembea zake taratibu.

"Shikamoo, mama," nikasema huku nahema.

"Marahaba, mwanangu. Wapanda au washuka?"

Nikashika breki. Akatua kikapu, akainama, akaupitishia kidole mkanda.

"Huu waupaka mafuta?"

"Kidogo, mama."

"Ndio wateleza. Mie mikono ikiniteleza kwa mafuta natia unga."

Jina lake Bi Mwanasha. Anakaanga vitumbua penye uwanja wa ofisi za serikali, na kikapuni mlikuwa na unga wake wa mchele. Nikatazama saa. Nusu saa tu imebaki niitwe mbele ya Bwana Afisa wa Elimu! Nikasema, tia, mama. Akachota konzi tatu, akaupaka mkanda wote, akapangusa mikono kwenye leso.

Ukashika! Nikapaa na kilima, nikampungia mkono Bi Mwanasha kwa madaha.

Mbele kidogo nikasikia harufu nzuri. Nikasema, hapa kuna nyumba mtu anapika. Nikapita nyumba ya pili, harufu ile ile. Ya tatu, imezidi. Ndipo moyo uliponipasuka paa! Mpishi ni mimi. Injini ilikuwa moto, mafuta ya nazi yamechemka, unga umeumuka, na mkanda wangu unakaanga vitumbua kuelekea kwenye usaili. Nikageuka kutazama nyuma. Moshi! Na vidonge vya kahawia vinaruka kutoka kwenye puli, vyote vinatua kwenye suruali yangu nyeupe. Mnajua ni sehemu gani. Sitaitaja.

Nisimame? Nikisimama sitaondoka tena. Nikaingia hivyo hivyo uwanjani mwa ofisi. Madirisha yote yakafunguka. Karani mmoja akatoka mbio na sahani mkononi, akipaza sauti, "Bi Mwanasha, leo umewahi!" Akaniona. Akasimama na sahani yake. Kuku wa askari wakaja wakaanza kudonoa gurudumu.

Kisha akatoka Bwana Afisa mwenyewe, ameshika barua yangu ya maombi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Wewe ndiye mwalimu wa Tiwi?"

"Ndiyo, bwana."

Akasoma kwa sauti, mbele ya makarani wote: "'Nina ujuzi wa kutosha wa kurekebisha na kutunza mkanda wa pikipiki.'" Akauinamia mkanda. "Umeutia nini?"

"Mafuta ya nazi, bwana."

"Na hiki cheupe?"

"Unga wa mchele."

Akabandua kidonge kimoja, akakinusa. 

"Sukari hukutia?"

Watu waliangua kicheko mpaka karani akaangusha sahani. Hapo hapo Bwana Afisa akamgeukia mwalimu mwingine aliyekuwa benchini akingoja zamu yake. Hamisi, mtu wa Msambweni, amekuja kwa miguu kutoka kituoni, viatu vina vumbi.

"Na wewe, mkanda ukilia utafanya nini?"

"Sijui, bwana," akajibu Hamisi. "Nitaacha kuugusa, nimuulize anayejua."

Bwana Afisa akatoa kalamu mfukoni, akaandika papo hapo kwamba kazi ni ya Hamisi, karatasi ameiweka kwenye kiti cha kidude changu. Usaili ukaisha hivyo! Mimi sikuulizwa hata swali moja la elimu. Nilibaki nimeziba suruali yangu kwa faili la vyeti.

Nikadhani yamekwisha, nikaanza kukisukuma niondoke. Akaniita.

"Mwalimu, huyu Hamisi hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake. Wewe kuendesha unajua, nimekuona. Jumatatu uje umfundishe."

Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Ahsante, bwana." Ahsante! Mpaka sasa sijui ulimi ule ulikuwa wa nani.

Basi nawaomba kitu kimoja. Mkijibu barua hii msiniandikie "pole," maana najua mtakuwa mnacheka mpaka kalamu inawaponyoka.