Koti la Kwendea Chai Newala

Jumamosi, 2 Julai 1988

Barua kutoka Newala! Nathanaeli amepona. Anatualika mimi na Sadallah kwake Jumapili ya tarehe kumi, saa nne asubuhi, akishatoka misa. Chai, mihogo, mbaazi za nazi, maongezi. Sisi watatu tulikaa dawati moja miaka minne. Nimeisoma barua mara tatu. Furaha tele. Kisha nikafungua sanduku la nguo. Furaha ikaisha.

Newala mwezi wa saba si mchezo. Ukungu mpaka saa tano, na upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma unakuingia mbavuni. Nahitaji nguo ya joto. Lakini iwe ya kupendeza vilevile, maana Sadallah atakuwepo. Sadallah ana duka siku hizi. Tangu mambo yawe ruksa, kila siku shati jipya.

Adija, mke wangu, kasema nivae sweta langu la kijivu. Nikamwambia lina kiraka kiwikoni. Akasema basi nikunje mikono. Nikunje mikono, kwenye baridi! Huyu mama hajui uzito wa jambo.

Kuna kitu sijamwambia. Mwaka jana Nathanaeli alilazwa miezi miwili, nami sikwenda kumwona hata mara moja. Nilisema kazi zimenibana. Hazikuwa kazi. Basi, tuyaache hayo.

Jumanne, 5 Julai

Mpango! Husseni, muuza mitumba, hufungua mzigo mpya Nanganga siku ya gulio, halafu ndipo aulete Masasi. Sisi wa Masasi tunaokota makombo. Si mara hii. Nikapeleka taarifa ofisini kwamba tumbo linanikata vibaya, nikadandia lori la chumvi mpaka Nanganga.

Nimefika kamba za mzigo zinakatwa. Koti! Jeusi, la sufu, vifungo vikubwa. Nikaudaka mkono wa kushoto. Mtu mwingine akaudaka wa kulia. Nikavuta. Naye akavuta. Nikainua macho nimpe maneno yake.

Bwana Christopher. Mkuu wangu wa kazi. Ambaye ubao wa ofisini unasema yuko Lupaso kwa ukaguzi.

Nikasema shikamoo mzee. Akasema marahaba, na tumbo je? Nikasema ndilo lililonileta, kuna mganga wa mizizi huku. Nikamuuliza habari za ukaguzi wa Lupaso. Akasema siku hizi njia ya Lupaso inapitia Nanganga. Haipitii. Tukatazamana, koti katikati yetu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba mgonjwa hafai kubeba vitu vizito.

Nikaachia mkono.

Husseni akanionea huruma. Akachimba chini ya lundo akaibuka na koti lingine. Rangi ya zambarau! Zito, refu mpaka magotini, laini kama kifaranga, mifuko miwili mipana, mkanda wa kamba wenye vishada. Kifungo hakuna hata kimoja. Husseni kasema ndiyo mtindo, wakubwa wa Ulaya wameacha vifungo, wanafunga mkanda tu. Nimelichukua. Bwana Christopher abaki na vifungo vyake vya kizamani.

Ijumaa, 8 Julai

Mazoezi. Nimevaa koti sebuleni tangu kurudi msikitini. Mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika kikombe kitupu. Nacheka kidogo, natikisa kichwa. Vizuri sana. Ila Masasi si Newala. Baada ya nusu saa nilikuwa nimelowa.

Adija kanizunguka mara mbili. Akalishika. Akasema kitambaa hiki ni cha taulo. Nikamweleza kwamba hii ni sufu ya kisasa. Akauliza kama sufu ya kisasa ndiyo inayokunywa jasho namna hiyo. Nikakaza mkanda.

Alasiri nikapita dukani kwa Sadallah. Kasema tutakwenda na pikapu yake. Halafu akaniuliza Newala kukoje sasa, avae nini. Sijui shetani gani alinishika ulimi. Nikasema mwaka huu maajabu, joto tupu, watu wanajipepea. Akanishukuru. Akanipa na kipande cha sabuni, zawadi ya Mama Mujibu, mke wangu.

Sabuni nimempa Adija. Nimeshindwa kumtazama alipokuwa anainusa.

Jumapili, 10 Julai

Nimerudi. Naandika kabla hata sijala.

Sadallah alinipitia saa mbili. Kaunda suti nyeupe, mikono mifupi! Roho yangu ikaruka. Koti langu lilikuwa kwenye mfuko, nilitaka kulivaa mlangoni ili wote walione kwa pamoja. Tukaanza kupanda mlima. Ukungu ukatufunika. Sadallah akaacha kupiga mluzi. Akafunga kioo. Mikono yake ikawa inatetemeka kwenye usukani. Akaniuliza kama ni mimi niliyesema joto. Nikasema labda limetoka kidogo.

Nilivaa koti langoni. Nathanaeli akaja kutupokea, blanketi mabegani. Amekonda mno. Akanikumbatia bila kulitazama koti.

Ndani alikuwepo mama yake mzazi, Bibi Dorika, ambaye zamani alifua nguo za madaktari wa kizungu miaka ishirini. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, huku akinitazama kutoka mabegani mpaka kwenye vishada. Uso ukamjaa huruma.

“Baba Mujibu,” akasema, “umekuja kuoga, mwanangu? Maji hatuna. Zimebaki ndoo mbili, na moja ndiyo ya chai.”

Hakuna aliyeelewa. Akafafanua. Nguo ile wazungu huvaa wakitoka bafuni, kabla hawajavaa nguo zenyewe. Yeye kafua za namna ile nyingi mno.

Sadallah akaangua kicheko, akajipiga mapaja. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamgeukia Nathanaeli anitetee. Nathanaeli alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, hapumui kwa kucheka. Ikabidi akalishwe. Bibi Dorika akaweka mkono mdomoni. Akasema mwanawe hajacheka hivyo tangu augue.

Hasira zikanitoka. Si zote, lakini nyingi.

Vicheko vilipokwisha, tukasikia kitu kinagonga. Meno ya Sadallah kwenye kikombe. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nikakiri. Nikasema joto nililitunga mimi. Nikafungua upande mmoja wa koti. Akaingia. Tulikula mbaazi hivyo hivyo, wazee wawili ndani ya nguo moja ya kuogea, mkono wangu wa kulia umevaa upande mmoja, wake wa kushoto upande wa pili. Ni nguo ya joto, lazima niseme.

Baadaye Sadallah akaenda kuota moto jikoni. Tukabaki wawili.

“Mwaka jana hukuja,” Nathanaeli akasema.

Nikaanza habari za kazi. Zikaniishia mdomoni.

“Sikuwa na shati,” nikasema. “Lililokuwepo lilichanika mgongoni. Madukani hata kitambaa sikupata. Nikasikia Sadallah anakuja kila wiki na suruali za pasi. Nikaona aibu.”

Akakisukuma kikombe pembeni.

“Nilikuwa nimelala na shuka la hospitali, Muharami. Lilikuwa na tundu hapa kifuani. Nani angetazama shati lako? Kila mlango ukilia nageuka, nikidhani ni wewe.”

Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

Koti nimemwachia Nathanaeli. Sadallah kanirudisha mpaka nyumbani bila kinyongo. Nimeapa. Kuanzia leo nguo ni kitu cha kufunika mwili, basi.

Jumatano, 13 Julai

Barua ya Nathanaeli, imeletwa na dereva wa lori. Daktari kamwambia atembee kila asubuhi mpaka ukingo wa mlima, kifua kipate hewa. Peke yake anaogopa, magoti hayajawa na nguvu. Anataka niende Jumamosi, nikae naye siku mbili tatu, tutembee pamoja. Kaandika: “Njoo ulivyo.”

Nimefuta macho. Nikaandika hapo hapo kwamba nakuja, Jumamosi alfajiri niko njiani.

Nikaenda kuipeleka barua stendi. Nikapita sokoni, kupita tu. Husseni kaniita. Buti! Ngozi halisi, hudhurungi, kisigino kipya kabisa. Buti la kutembelea milimani, lenyewe hasa. Tatizo, limepatikana moja. Husseni kasema mwenzake lazima yumo kwenye mzigo unaofuata, mwisho wa mwezi. Kaapa kwa mama yake.

Nimechana barua. Nimeandika nyingine, kwamba tusogeze mbele majuma mawili matatu, asiwe na wasiwasi, ajitahidi kutembea uani kwanza.

Adija kauliza kwa nini nisiende na ndala. Nimemwambia kule kuna umande, na kuna watu.

Buti la kulia linanikaa sawasawa.