Magurudumu ya Mtumbwi wa Mpira

Siku ya kwanza, Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa saba, 1953. Kirotshe.

Jana kikao cha harusi kwa dada yangu mkubwa, Nyiramana. Binti yake Emérita anaolewa Jumamosi, siku ya posho, tarehe 18, katika kanisa la ng'ambo ya ghuba, kwa watu wa mchumba. Swali lilibaki moja: bibi harusi avuke na nini? Athanase, mwenye mtumbwi wa mti, alikuwa ameanza kufungua mdomo. Mtumbwi ule unanuka samaki tangu nikiwa mtoto. Nikasimama kabla hajasema. Nikasema mjomba yupo. Nikasema Emérita atavuka katika mtumbwi wangu wa mpira.

Watu wakaangaliana. Kwa heshima, nadhani.

Mtumbwi huo nilipewa na Muzungu aliyekuja kupima kina cha ziwa. Nilimtafsiria miezi miwili. Alipoondoka akaniachia, pamoja na pompi yake ya kuujaza upepo. Rangi ya manjano. Unabeba watu wanne. Sijasikia mwalimu mwingine katika Masisi yote mwenye kitu kama hicho.

Tatizo dogo. Nyumba zetu ziko juu ya kilima, maji yako chini, mwendo wa nusu saa, njia yote mawe. Nikiukokota, mawe yataukata. Nikiubeba umejaa upepo, nahitaji wanaume sita. Kwa hiyo: magurudumu. Likizo ya shule imeanza. Nina siku kumi na mbili, na akili.

Siku ya pili, tarehe 7.

Mke wangu Agathe alikuwa anachambua maharagwe. Bila kuinua kichwa akaniuliza, akiniita kwa jina la mtoto wetu:

"Papa Libérata, juu ya nini usiikunje, uibebe ku kichwa, uipompe kule chini ku maji?"

Nimemweleza kwa upole. Kuujaza upepo ni kazi ya saa mbili. Bibi harusi asimame saa mbili akinitazama natoka jasho? Tena, mtumbwi ukishuka umekunjwa kama gunia la mihogo, nani atajua kwamba ni mtumbwi? Harusi ni kuonekana. Agathe akarudi kwenye maharagwe yake. Hajazoea mambo ya ufundi.

Nimeazima buruweti ya Karangwa, seremala wetu, ile anayobebea mbao. Gurudumu moja la chuma. Nikafunga mtumbwi juu yake. Hatua ishirini, ukaangukia kushoto. Nikauinua. Ukaangukia kulia. Nilipofika ufukoni, gurudumu likazama katika matope mpaka sikuliona tena.

Athanase alikuwa pale anashona wavu. Alisogeza tu wavu wake, ili nipate nafasi ya kuanguka.

Siku ya ine, tarehe 9.

Magurudumu mawili! Kumbe yako nyumbani kwangu: ya baiskeli. Nimeyafungua asubuhi. Agathe ameuliza nitafikaje Sake kuchukua barua za shule. Kwa miguu. Ni wiki moja tu.

Karangwa ametuchongea mti wa kuyaunganisha. Kwenye njia ya udongo yalikwenda bila sauti. Nikamwomba Karangwa akae ndani, awe bibi harusi wa majaribio. Alikataa. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba nisimwite hivyo tena. Jiwe la kwanza, salama. Jiwe la pili, spoki zikaanza kukatika moja moja, kwa sauti kama nyuzi za inanga. Gurudumu la kushoto likapata umbo la yai. La kulia likapata umbo ambalo sijawahi kulifundisha darasani. Karangwa akatoka ameshika kiuno.

Nimerudi nyumbani. Sasa nina baiskeli isiyo na magurudumu, na mtumbwi usio na magurudumu.

Habari ilifika kwa Nyiramana kabla yangu. Alikuja kuniuliza kama amwambie Athanase awe tayari. Niliumia. Nilimwambia mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, si mpita njia. Akasema vema. Mume wake tulimzika miaka miwili iliyopita. Anayesimama mahali pa baba wa Emérita ni mimi. Je, nisimame pale nikiwa nimeazima mtumbwi wa samaki?

Siku ya kwanza, tarehe 13.

Jibu limepatikana. Gurudumu la mti! Karangwa amesema gurudumu pana halizami. Amekata mawili kutoka gogo moja, manene kama mkate wa misioni. Anataka tuyaache yakauke wiki tatu, la sivyo yatapasuka. Nikamjibu kwamba harusi haisubiri miti ikauke.

Amesema pia kwamba hayana breki, hivyo watu wanne washike kamba kwa nyuma. Nimekataa. Mtumbwi unaoshikwa na watu wanne kwa nyuma utaonekana kama ng'ombe anayepelekwa sokoni. Watu wawili wanatosha: yeye na shemeji yangu, kaka wa Agathe. Mimi nitavuta mbele.

Siku ya tano, tarehe 17.

Jaribio katika kiwanja cha shule. Kiwanja ni tambarare. Yamekwenda vizuri ajabu. Kasoro moja tu: yanalia. Yanalia kwa nguvu hata munganga mmoja akatoka hospitali kuangalia nani ameumia. Siwezi kumpeleka bibi harusi kwa kilio.

Nikakumbuka mafuta ya mawese ambayo mfanyabiashara wa Hombo alimletea Agathe. Chupa nzima. Nimepaka mti wa katikati, nimepaka matundu, yaliyobaki nimeyamwaga juu. Sasa nikisukuma gurudumu kwa kidole, linazunguka lenyewe mpaka namaliza Baba Yetu, pamoja na Amina.

Karangwa aliliangalia likizunguka. Hakufurahi.

"Mwalimu, gurudumu iko muzuri," akasema. "Mulima njo inanipa woga."

Eti mlima ndio wa kuogopa. Kesho atajionea.

Siku ya posho, tarehe 18.

Naandika nikiwa nimelala kwa tumbo. Nitaandika yote, kama yalivyokuwa.

Saa mbili asubuhi mtumbwi ulikuwa mbele ya nyumba ya Nyiramana, umejaa upepo, umepambwa maua. Watu wengi. Emérita akatoka na gauni lake jeupe. Nikamwambia apande hapo hapo, ashuke kilima amekaa, miguu isiguse vumbi. Mama yake akaweka mkono mdomoni. Agathe akaanza kuongea, nikamnyamazisha kwa kiganja.

Emérita hasemi sana. Alikuja karibu nami, akaongea polepole ili wengine wasisikie.

"Mujomba, mimi nataka tu nifike."

Nikamwangalia. Mtoto alikuwa anaangalia mawe ya njia. Sijui maneno yalinitoka wapi, maana sikuwa nimeyapanga: nikamwambia atembee mpaka majini, apandie kule. Akanishika mkono kwa nguvu. Kisha akaenda mbele na mama yake na Agathe.

Ndani ya mtumbwi tukaweka sanduku lake la harusi. Kwaya ikaanza. Tukateremka. Mpaka kwenye mikaratusi kila kitu kilikuwa kama nilivyosema. Watu walitoka mashambani kutuangalia.

Baada ya mikaratusi njia inaelekea chini kabisa. Karangwa akapiga kelele kwamba kamba inateleza. Mafuta. Jana nilishika kamba zote kwa mikono ile ile. Sikupata muda wa kumjibu, kwa sababu mtumbwi ulinigonga nyuma ya magoti, nami nikakaa juu ya sanduku.

Tukaenda.

Magurudumu hayakulia hata kidogo. Kwaya iligawanyika pande mbili bila kuacha kuimba. Nilimpita Emérita. Nilimpita Agathe, ambaye hakushangaa. Nilipita kuku, na kisha baadhi ya kuku hao nilikuwa nao. Athanase aliondoa wavu wake. Halafu maji yakaruka juu pande zote, na mtumbwi ukaingia ziwani umekaa sawa, vizuri kabisa, kama Muzungu mwenyewe alikuwa ameuweka.

Ukaelea. Haukutoboka. Ukaendelea kwenda. Kasia lilikuwa mgongoni mwa Karangwa, naye alikuwa kwenye mikaratusi.

Upepo ukanisogeza mbali. Kisha nikasikia mtu anacheka ufukoni. Alikuwa Emérita. Alicheka mpaka akamshika mama yake begani, na mama yake naye akashindwa kujizuia. Sikuwa nimemsikia Emérita akicheka tangu tumzike baba yake.

Athanase hakuharakisha. Aliosha mtumbwi wake kwanza. Akatandika kitenge kipya, ambacho nadhani alikuwa nacho tayari. Akawapakia Emérita, mama yake na Agathe, akapiga kasia mpaka nilipokuwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Wiki mbili alikuwa ameyatunza.

"Mwalimu, kamata kamba," akasema.

Nikakamata.

Ghuba yote nimeivuka nyuma yao, nimekaa juu ya sanduku na kuku wawili. Mtumbwi ulikuwa umejigeuza, kwa hiyo niliiangalia Kirotshe njia nzima. Ng'ambo walitupigia makofi. Hawajawahi kuona bibi harusi anafika na mitumbwi miwili. Mama mkongwe wa upande wa mchumba alinizunguka, akauliza kama na mimi niko katika vitu vya harusi.

Emérita alimjibu mwenyewe, mbele ya wote.

"Huyu njo mujomba wangu. Njo amenileta."

Nilimwangalia Athanase. Alikuwa anafunga mtumbwi wake. Alisikia, hakukanusha. Nikaingia kanisani na Emérita mkononi mwangu, suruali inadondosha maji, na sikumuona mtu yeyote isipokuwa yeye.

Siku ya pili, tarehe 21.

Naweza kukaa. Nimefikiri kwa utulivu.

Mtumbwi ulitakiwa kufika majini. Ulifika. Ulifika haraka kuliko mtumbwi wowote katika historia ya Kirotshe. Nilimweleza Athanase hilo jana, akakubali. Magurudumu yamepasuka sasa, yote mawili, lakini baada ya kazi. Nimekwenda kwa Karangwa tuzungumze juu ya magurudumu manne. Mke wake amesema amesafiri na hajui atarudi lini. Niliona miguu ya Karangwa chini ya mlango.

Mchana amekuja Dorothée, mdogo wake Emérita. Ataolewa Noeli. Amekuja kunijulisha, kwa heshima, kwamba wamekubaliana harusi iwe Nyabiondo, nyumbani kwa mchumba. Ni milimani, akasema. Hakuna ziwa. Hakuna hata mto mkubwa. Ni mashamba ya maharagwe na njia za miguu tu. Alisema mara mbili kwamba hakuna ziwa, na Agathe akaitikia kwa kichwa kila mara, kama mtu aliyekwisha kusikia habari hiyo.

Nimewaza mpaka jua limeshuka. Binti huyu ana akili kutushinda sisi wote. Tulihangaika wiki mbili na gurudumu hili na lile, kumbe gurudumu halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa maji.

Kesho nakwenda kupima njia ya mtumbwi wangu wa magurudumu mpaka Nyabiondo. Kwa kupanda mlima, hata breki haitahitajika.