Nimalizie Aya Hii Tu: Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Kupima Abiria wa Meli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameleta udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Uzinduzi, ya Kamati Ndogo ya Utepe na ya Kikosi Kazi cha Viti. Ndugu Ofisa wa meli ya matembezi iliyofunga gatini hapo nje, ambaye naona anaangalia saa. Muuguzi Mkuu wa Kituo. Mke wangu mpenzi, Mama Watoto, uliyeketi mstari wa mbele na sanduku lako la bluu. Mama wa usafi, uliyesimama hapa pembeni ya mlango wa kituo kwa heshima kubwa tangu niingie. Ndugu abiria arobaini wa safari hii, mabibi na mabwana, na mwenye cheo yeyote niliyemruka, ajitaje kimoyomoyo na ahesabu kwamba ametambuliwa. (Makofi.)

Nimepewa dakika tano. (Kicheko. Sauti: "Thubutu!") Naona wanaonifahamu wapo. Basi kwa ufupi, na nikisema kwa ufupi ninyi mnajua mkae vizuri, jambo lililotukutanisha katika ukumbi huu wa abiria ni kwamba katika kipindi hiki cha janga meli haimpokei mtu asiye na cheti cha kuonyesha kuwa amepimwa ndani ya siku mbili zilizopita na hana maambukizi. Kwamba geti la kupandia linafungwa saa sita kamili adhuhuri. Kwamba sasa hivi ni saa nne. Na kwamba kipimo chenyewe kinatoa majibu kwa nusu saa tu, kwa hiyo muda tunao wa kumwaga. Ndiyo maana nilitoa ule waraka, kumbukumbu namba saba mkato B, kuwaelekeza abiria wote wasihangaike kwenda kwenye zahanati ile ya ng'ambo ya barabara, bali wasubiri kituo chao hiki, hapa nyuma yangu, mlango huu wenye utepe mwekundu, kwa sababu kitu cha umma hakitumiki kabla hakijazinduliwa. Mimi kalamu ya ofisini siandikii mpaka izinduliwe. (Makofi ya hapa na pale.)

Niruhusuni niseme jambo la nyumbani. Huyu mke wangu nilimwahidi safari ya baharini siku tuliyofunga ndoa, miaka ishirini na saba iliyopita. Nilimwambia fungate letu litakuja nikipata likizo. Likizo ikaja, kikaja kikao. Likizo nyingine ikaja, ikaja semina, na semina hiyo nilikuwa mtoa mada, ningekosaje? Sanduku lile la bluu limekaa juu ya kabati mpaka watoto wakawa wanadhani ni sehemu ya kabati. Leo limeshuka, ndugu zangu. Siku saba baharini, mimi na yeye, bila ajenda, bila yatokanayo! (Vigelegele.) Na nimemwahidi atakuwa mtu wa kwanza kupimwa katika kituo hiki, mbele ya kamera. (Mama Watoto: "Ndicho ninachongoja, Baba Watoto. Kata huo utepe." Kicheko.)

Utakatwa, mke wangu. Utepe uko kipengele cha tisa.

Kipengele cha kwanza ni usuli. Kituo hiki ni tunda la Mkakati Jumuishi Shirikishi wa Kidijitali wa Upimaji Endelevu wa Abiria, ambao ulianza na upembuzi yakinifu, ukaingia katika mchakato, ukatoka katika mchakato, ukarudishwa kwenye mchakato kwa sababu ulitoka bila muhuri, na katika safari hiyo ndefu tumeendesha vikao kumi na vinne vya wadau, ambapo vikao kumi na kimoja vilijadili rangi ya mlango. Mwanzoni ilikuwa kijani. Mimi binafsi nikasema hapana, kijani kinamwogopesha mgonjwa, tukapaka bluu, nikasema bluu inamkumbusha abiria bahari kabla ya wakati, tukapaka kijani tena, lakini kijani chenye weledi. Na ninatamka kwa kujiamini kwamba hadi asubuhi ya leo utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. (Sauti: "Hizo nne zimetoka wapi?") Hizo nne ni za utepe, ndugu yangu, haukuwemo kwenye mpango. (Makofi hafifu. Viti vinasogezwa.)

Kipengele cha pili, uhamasishaji. Mmeliona lile bango kubwa pale nje, langu mimi nimeinua kichwa na kijiti cha kipimo puani. Watu wamelisifu sana. Wachache wanajua kwamba mpiga picha alirudia mara sita kwa sababu kila kijiti kikigusa pua nafumba macho na kupiga kelele, na wachache zaidi wanajua kwamba kijiti chenyewe ndicho pekee tulicholetewa, kama sampuli. Kwa hiyo kitakwimu tumeshapima pua moja mara sita, na majibu yake bado yanafanyiwa kazi. (Kicheko. Muuguzi Mkuu anasimama, anasema kwa sauti: "Mheshimiwa, mimi niliomba meza na vijiti. Jamani, anayetaka kusafiri leo anifuate zahanati.")

Ahsante, Muuguzi. Ombi lako la meza limepokelewa tena. (Viti vinasogezwa. Abiria wanaanza kutoka.) Na ninafarijika, waheshimiwa, kuwaona abiria wanavyotoka kwa mpangilio, mmoja mmoja, barakoa zimekaa sawasawa, wakiachana mita moja kama tulivyoelekeza, kwani huo ndio ustaarabu tunaoupigia kelele kila siku. Wanakwenda kunyoosha miguu. Hata mke wangu naona amenyanyuka na sanduku lake. Msalani ni mkono wa kushoto, mpenzi. (Mama Watoto anakwenda mkono wa kulia, barabarani.)

Kipengele cha tatu, cha nne na cha tano nitavisoma kwa pamoja ili kuokoa muda. (Anavisoma. Saa ya ukutani inaonyesha saa tano na dakika ishirini na tano. Waliobaki ni wajumbe wa kamati wawili, mmoja amelala, na mama wa usafi pale penye utepe. Abiria wanapita dirishani na karatasi mikononi, wakielekea getini.)

Kipengele cha sita... Naam, mke wangu amerudi. Amerudi na karatasi. Ina muhuri, naiona mpaka hapa, muhuri mzuri. (Mama Watoto anakuja mpaka chini ya jukwaa, anasema taratibu: "Mume wangu, muuguzi amekuwekea kijiti, wa mwisho ni wewe. Ukishuka sasa hivi bado unawahi. Twende. Hiyo hotuba utanisomea mimi kule ndani, siku saba zote, nitakusikiliza.")

Mmemsikia, ndugu wajumbe? Huyo ndiye mke. Nakuja, mama. Nakuja kabisa. Nimalizie aya hii tu, maana mtu hawezi kuacha aya katikati, itaonekana kama serikali imeishiwa pumzi, na aya yenyewe ni fupi, inahusu fremu ya ufuatiliaji na tathmini, ambayo nayo ina nguzo tano, na nguzo ya kwanza ina shabaha nne, na shabaha ya kwanza, ambayo ni kuhakikisha kwamba hakuna abiria hata mmoja, narudia, hata mmoja, atakayeachwa na meli kwa kukosa cheti, ina viashiria... (Mama Watoto anasimama kidogo. Anaitazama saa. Anashika mpini wa sanduku, magurudumu yanasikika sakafuni mpaka mlangoni, halafu hayasikiki.) ...ina viashiria vinane.

(Honi ya meli, ndefu.)

Hiyo ni honi ya kutupongeza. (Mjumbe aliyelala anaamka, anapiga makofi, anaondoka na mwenzake.) Si ya kutupongeza. Najua honi ya kuondoka, nimekaa bandarini miaka kumi na tisa. Basi, tumefika kipengele cha tisa. Tulisema nikisema "Pima", ninyi mnaitikia "Safiri". Pima! (Mwangwi tu.) Pima! (Mama wa usafi: "Ndoo!") Unasemaje, mama? (Mama wa usafi: "Ndoo yangu, baba. Na mafagio. Vimo humo ndani tangu juzi mlipofunga utepe. Toka asubuhi nakungoja ukate.")

Kumbe ulikuwa unangoja hicho. Na mimi nimekutaja kwenye itifaki! Haya, mkasi huu hapa. (Utepe unakatwa. Mlango wa kijani unafunguliwa. Ndoo mbili, mafagio matatu, kopo la rangi ya bluu.)

Hiki ndicho kituo, ndugu... ndugu mama wa usafi. Ni stoo yako. Mashine ya kupimia haikuagizwa, kwa sababu kikao cha kuagiza mashine kilikuwa cha kumi na tano, na sisi tuliishia cha kumi na nne, tukiwa bado kwenye rangi. Nilijua. Nilidhani nikizungumza vya kutosha labda ingefika. Naomba basi nihitimishe kwa shukrani. Ninaishukuru zahanati ya ng'ambo ya barabara, niliyoikataza kwa waraka, kwa kupima abiria thelathini na tisa kati ya arobaini. Ninamshukuru Muuguzi Mkuu, aliyetumia meza ya watu. Ninamshukuru huyo abiria wa arobaini, aliyejituma kuhakikisha shabaha ya kwanza haifikiwi, na ambaye mpaka sasa ana maikrofoni mkononi.

Na ninamshukuru mke wangu. Namwona kwa dirisha hili, ghorofa ya tatu ya meli, na lile koti lake, anapunga mkono. Inaniuma, mama, nikwambie ukweli. Miaka kumi na tisa nahutubia watu na hakuna aliyewahi kuniomba nimsomee hotuba, ni wewe tu, leo, na mimi nikakujibu kwa viashiria vinane. Nenda salama. Ukirudi utanikuta nimenyamaza, hilo nalo ni ahadi, ingawa wewe unajua ahadi zangu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Mama wa usafi: "Inua mguu, baba, nipitishe fagio.")