Bamia Anataka Kuitwa Mhandisi

Jumamosi, 4 Novemba

Nagat amekubali nimuoe! Ila ami yake, Mzee Bayumi wa Tanta, lazima kwanza aje mtaani kuniulizia. Ndiyo desturi. Nimeambiwa ni Ijumaa, baada ya sala. Atakaa mkahawani kwa Haji Mitwalli na kuuliza: huyu Wagdi, fundi wa hita za maji, ni mtu wa namna gani?

Furaha ikaniishia papo hapo. Hapa mtaani Shubra hakuna anayemjua Wagdi. Wanamjua Bamia.

Bamia ni mimi. Eti nateleza: wakinishika huku, nimechomokea kule. Jina kanipa Shakir mpiga pasi, na ukishapewa jina na Shakir umepewa. Jirani yetu kiziwi anaitwa Redio. Mwenye duka la dawa, kipara, anaitwa Kichaka. Hawalalamiki. Lakini wao hawaposi.

Kinachoniuma zaidi: Misri nzima, mtu akishika bisibisi tu anaitwa mhandisi. Fundi bomba, mhandisi. Muuza chaja za simu, mhandisi! Mimi nina mkoba mzima wa bisibisi, na bado ni mboga.

Jumapili, 5 Novemba

Hila ya kwanza. Nimevaa suti ya marehemu baba, nikaenda mkahawani, nikawaagizia wote chai ya moto ya karkade, nikasimama na kutangaza kwamba tangu leo naitwa Mhandisi. Wamenisikiliza kwa adabu. Wamekunywa. Redio akauliza nani kafa. Kisha Sukkari, mhudumu, akapaza sauti hadi jikoni: "Ongeza karkade nyingine, Bamia kafungua pochi leo!"

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza.

Jumanne, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Shakir mwenyewe. Nimembembeleza. Akajaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya nguo, akaniacha nisubiri. Halafu akasema, "Ndugu yangu, jina la mtaani si shati, uchague rangi. Tunakuita Bamia kwa kuwa tunakupenda. Tusiyempenda tunamwita bwana."

Nikamwomba anichukie hadi Ijumaa tu. Akacheka mpaka akaunguza kola. Kanzu ilikuwa yangu.

Basi. Bamia akinishinda, nitamtenga. Nitasema Bamia ni mtu mwingine kabisa, mhuni fulani. Aibu zote zake, sifa zote zangu. Akili ni nywele, na mimi bado ninazo chache.

Jumatano, 8 Novemba

Leo mazoezi. Nimewahi mkahawani na suti yangu, kabla wenyeji hawajajaa. Meza ya pili kulikuwa na mzee mgeni, kilemba safi, ana boksi la halawa ya Tanta. Akanikaribisha. Halawa nzuri sana! Akaniuliza kama namjua fundi mmoja anayeitwa Bamia.

Bahati iliyoje! Nikamwaga yote. Nikasema Bamia ni mwongo, mvivu, akifungua hita yako hujui lini ataifunga, na misiba ya watu asiowajua anakwenda kula. Nikasema binti yangu simpi hata akiniletea mwezi kwenye sinia. Mzee akasikitika. Akaniuliza mimi ni nani. Mhandisi, nikamjibu, nikachukua kipande kingine, nikaondoka kwa hatua za heshima.

Nimeanza kulipenda hili jambo.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimekaa na suti tangu sala hadi jua linazama. Hakuna ami. Nagat akapiga simu, anacheka. Ami alikuja Jumatano! Muulizaji haji siku aliyoisema, huja kabla, kimyakimya. Kila mtu anajua. Mimi najua! Na boksi la halawa ya Tanta lilikuwa mbele ya pua yangu!

Ikawa hivi. Nagat ndiye aliyemwambia amuulizie Bamia, maana jina la Wagdi lingempoteza. Jina analijua tangu nilipotengeneza hita ya shule anakofundisha. Na mtaa mzima umenisifu. Haji Mitwalli kasimulia jinsi Bamia alivyoacha futari mezani akaenda kumtengenezea hita mama mmoja mgonjwa. Shakir kaapa kwa pasi yake. Ami kakubali! Isipokuwa kulikuwa na mtu mmoja mwenye suti, mhandisi, hasidi mkubwa. Ami anatamani wakutane tena amwambie lake.

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikamwambia Nagat ukweli. Akaacha kucheka. Kisha akasema, "Mwambie mwenyewe, ucheke wa kwanza. Ami anampenda mtu anayejicheka." Nikaahidi.

Halafu nikanyoa masharubu.

Alhamisi, 16 Novemba

Siku ya kusoma Fatiha ya uchumba. Kanzu, bila suti, bila masharubu. Nimefika tu mlangoni kwa kina Nagat, ami akasimama: "Mhandisi!"

Nagat akanitazama, akaitikia kwa kichwa polepole: sema. Neno moja lilitosha.

Nikasema yule ni pacha wangu.

Mama yangu akapaliwa na sharubati. Ami akaweka glasi chini, akamuuliza kwa upole amejaliwa watoto wa kiume wangapi. Mama akaapa kazaa mmoja, na huyo mmoja kamtosha.

Fatiha haikusomwa. Nagat akanisindikiza hadi kwenye ngazi. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema yeye alimkubali Bamia. Hawa wengine ninaokuja nao, mhandisi na pacha, hawajui. Niende Tanta peke yangu, nimwombe ami radhi kama Bamia. Ami akiridhika, ananisubiri. La sivyo, basi.

Nimelia kwenye ngazi. Sioni haya kuandika.

Jumamosi, 18 Novemba

Ndani ya treni ya Tanta. Shakir kaninyooshea kanzu bila kuiunguza, akaniusia nisitie chumvi. Maneno ninayo tayari: Ami, mimi ndiye Bamia, nisamehe. Mepesi kabisa. Nampenda Nagat, nitayasema.

Lakini nimefikiri. Mkosaji akijiombea mwenyewe, anasikilizwa na nani? Watu huomba radhi kupitia mtu wa heshima. Na Tanta hakuna anayenijua. Stesheni nimenunua miwani.

Abiria wa pembeni ameniuliza jina na safari yangu. Nimemwambia mimi ni Daktari, naenda kumwombea msamaha rafiki yangu mmoja, masikini, anaitwa Bamia. Amesema huyo Bamia ana bahati kuwa na rafiki kama mimi.