Kibano Kipya, Shati Zima

Jumatano, 20 Machi

Msimu wa kuwinda bata mzinga unafunguliwa Jumatatu. Nina furaha hadi chakula hakipiti. Mwaka huu sikosi!

Niandike hali ilivyo, maana historia itataka kujua. Kambini kwetu ukimkosa bata mzinga, unakatwa pindo la nyuma la shati, papo hapo, kwa mkasi wa Mjomba Otis. Linapigiliwa ukutani na jina lako juu yake. Mapindo yangu yako pale mawili. La mwaka juzi la buluu, la mwaka jana la miraba. Sasa Mjomba Otis, ambaye ni mjomba wa mke wangu na ndiye mwenye shamba, katangaza: nikikosa mara ya tatu, nanyang'anywa kilima cha mialoni ninapowindia na kinakwenda kwa Dubose.

Kilima kile! Marehemu baba aliketi chini ya mwaloni ule masika yote ya maisha yake. Nikikipoteza, sijui nitamwambia nini tukikutana.

Dubose ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu Verlene. Hajawahi kukosa. Wala hajawahi kunyamaza kuhusu hilo.

Lakini nimewaza sana, na nimegundua. Tatizo si mimi. Tatizo ni kibano.

Alhamisi, 21 Machi

Nimetoka dukani kwa Bwana Purvis. Kibano ni kile kipande cha chuma kinachofungwa kwa kuzungushwa mdomoni mwa mtutu. Kikiwa chembamba, marisawa, zile punje za risasi, yanatoka yameshikamana na kufika mbali. Kikiwa kipana, yanatawanyika mapema. Nikaomba chembamba kuliko vyote.

Purvis akauliza kama nawinda bata au nataka kutoboa tundu la ufunguo. Halafu akaanza hotuba. Eti bata akija karibu, marisawa yatapita yote kwa pamoja kama ngumi, ukienda upande kidogo tu umekosa yote. Akanishauri nichukue cha wastani.

Cha wastani! Hicho ni cha watu wa wastani.

Risasi nimechukua zile za tungsteni, punje ndogo ndogo, nzito ajabu. Bei siiandiki. Verlene anajua shajara hii inakaa wapi.

Natoka mlangoni, Purvis akanipigia kelele: "Hollis! Kijaribu kwa mbali, na kwa karibu pia!" Nikamwambia naam. Naam haina gharama.

Ijumaa, 22 Machi

Siku tukufu! Karatasi za kujaribia zilikuwa zimeisha, ila kwenye kamba ya nguo palikuwa na shuka jeupe, safi, limenyooka vizuri. Nikachora kichwa cha bata kwa mkaa. Nikarudi nyuma yadi hamsini. Nikafyatua.

Bunduki ilinirudi kwa nguvu. Nilijikuta nimekaa kwenye kitalu cha vitunguu, mdomo umevimba. Nikachechemea hadi kwenye shuka. Kichwa cha bata hakipo! Kimekuwa chujio! Nilicheza dansi peke yangu uani.

Kwa karibu sikukijaribu. Kwanza, risasi zile ni mali. Pili, nani anampiga bata karibu? Tatu, Verlene alikuwa ametoka nje.

Akauliza kama najua shuka lile lilitoka wapi. Nikasema dukani. Kumbe alipewa na mama yake siku ya harusi yetu.

Nalala kochini. Lakini kile kipande chenye matundu nimekikata na kukitia mfukoni. Ushahidi ni ushahidi.

Jumamosi, 23 Machi

Haitoshi mimi kupata. Lazima Dubose akose. Akikosa yeye, nani atathubutu kumpa kilima changu?

Nikamkuta anapaka bunduki mafuta juu ya gari lake. Nikaketi. Nikashusha pumzi kama mtu mwenye siri nzito. Akauliza nina nini. Nikamwambia, kwa kuwa sisi ni ndugu, kwamba Purvis anawanong'oneza wateja wake wakubwa: mwaka huu bata wanakuja karibu mno, wanakaribia kukanyaga viatu. Mwenye akili anafunga kibano kipana kuliko vyote na kutia risasi za kawaida za bei rahisi.

Dubose akaacha kupaka mafuta. "Shemeji, unanidanganya wewe."

Nikaapa kwa mkate wa mahindi wa mama yake.

Akaamini! Alifungua kibano chake kizuri mbele ya macho yangu akafunga kipana, mdomo wa mtutu ukabaki wazi kama bomba la kumwagia maji. Halafu akanishukuru! Nilitembea hadi nyumbani nikipiga mluzi, ingawa mdomo unauma.

Jumapili, 24 Machi

Kanisani nimewaonyesha watu kile kipande cha shuka. Mchungaji ameniomba nisikikunjue tena wakati wa wimbo.

Mjomba Otis alikitazama pande zote mbili, akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "shuka halitembei."

Wivu wa wazee. Kasema kesho atakaa nami pale chini ya mwaloni, awe shahidi. Vizuri! Aone kwa macho yake.

Jumatatu, 25 Machi

Mungu wangu.

Kulikuwa bado na giza tulipoketi, mimi na Mjomba Otis, migongo kwenye mwaloni wa baba. Dubose alikuwa chini kabisa, kule kijitoni. Kukaanza kupambazuka, na bata akalia juu ya mti wake, sauti ya kutikisa mbavu. Nikasugua kisanduku changu cha mbao cha kuitia bata, nikalia kama jike aliyekosa usingizi kwa mapenzi. Akajibu! Nikasugua tena. Akashuka. Akaja.

Mpango ulikuwa yadi hamsini. Kwenye hamsini akawa nyuma ya kichaka. Kwenye thelathini akawa nyuma ya gogo. Alipojitokeza, alikuwa hapa! Ningeweza kumpa mkono! Niliona kila kinundu cha kichwa chake chekundu.

"Sasa," akanong'ona Mjomba Otis.

Nikafyatua. Marisawa yote, kwa umoja na mshikamano, yalipita kando ya sikio lake na kumega mti mchanga nyuma yake. Bata akanitazama. Naapa alinionea huruma. Kisha akatimka kuteremka kilima, kuelekea kijitoni.

Mlio mmoja wa bunduki.

Tulimkuta Dubose anarukaruka. Bata alikuwa amemtokea ghafla, mbio, hatua chache tu mbele yake. Akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. "Shemeji, umeniokoa! Kwa kile kibano changu cha kawaida ningemkosa huyu, haki ya Mungu!" Amemsimulia kila mtu kambini. Wamenipigia makofi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikaanza kumweleza Mjomba Otis habari za upepo. Akatoa mkasi. "Geuka, mwanangu."

Shati nilikuwa nimelibana ndani ya suruali kwa pini saba. Akazitoa moja moja, bila haraka, watu wakizihesabu kwa sauti. Kilima ni cha Dubose. Mimi nimepewa kule kwenye kinamasi, kwa mbu. Nililia kidogo. Sioni haya kusema, nililia.

Jumanne, 26 Machi

Nimeamka na matumaini! Mjomba Otis amepiga simu. Kasema sauti yangu ya kulia haikumtoka masikioni, kwa hiyo nikimpata bata mmoja kule kinamasini kabla msimu haujafungwa, kilima kinarudi kwangu.

Nimelichunguza jambo hili kitaalamu, nikiwa na chai ya barafu. Kibano hakina kosa. Risasi hazina kosa. Kosa ni la bata: alikaribia mno. Na kwa nini alikaribia? Kwa sababu nilimwita vizuri mno! Kipaji kimeniponza.

Dawa ni rahisi. Nitamwita vibaya. Atakuja hadi yadi hamsini, atashikwa na wasiwasi, atasimama. Hapo ndipo namtaka. Nimempigia Purvis aniagizie kibano chembamba zaidi. Kasema kilichobaki ni kuuziba mtutu.

Jioni nzima nimefanya mazoezi ya kuita vibaya nyuma ya nyumba. Verlene amesikiliza dirishani, kisha akauliza tangu lini nimehitaji mazoezi ya hilo.

Nimeendelea kusugua kisanduku. Mtaalamu akiwa kazini habishani.